Aliyenyoosha Mkono

Kupitia ukuta, Kipaza alimsikia baba yake akimpigia mama simu ili mama naye ampigie yeye aje kunywa chai.

"Mwambie binti yako chai inapoa," baba alisema kule sebuleni.

Pakawa kimya kidogo. Bila shaka mama alikuwa anauliza jambo huko aliko.

"Chumbani kwake," baba akajibu. Kisha, baada ya kimya kingine: "Mimi? Si nipo hapa hapa nyumbani."

Haukupita muda simu ya Kipaza ikaita kitandani. Akaipokea, akamwitikia mama, akamwagiza amwambie Mwalimu kwamba anakuja. Akavaa kandambili, akavuka ule ukumbi mwembamba, akafika mezani alipokuwa baba. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Basi. Wote wawili wakainamia vikombe vyao kama watu waliotumwa kutafuta kitu ndani yake.

Usiharakishe kuwacheka. Hawa hawakuwa wamegombana. Lingekuwepo neno baya kati yao, wangelizozania likaisha, maisha yakaendelea. Shida yao ilikuwa moja tu: hawakujua waanzie wapi. Miaka nenda miaka rudi mama alikuwa mkalimani wao, na kazi hiyo aliifanya vizuri kiasi kwamba hakuna aliyetambua kuwa ni kazi. Halafu bibi akateleza bafuni akavunjika nyonga. Mama akafunga mkoba akaenda kumuuguza mama yake mbali huko, na nyumba ikabaki na watu wawili wanaopendana wasioweza hata kuombana chumvi.

Kipaza si jina alilopewa na wazazi. Alipachikwa na wenzake chuoni, kwa sababu hakuonekana popote bila kinasa sauti na kipaza sauti chake kidogo kilichobanwa kwenye kola. Alikuwa mwaka wa mwisho katika kozi ya ualimu, na utafiti wake ulihusu mawasiliano darasani: nani anapewa nafasi ya kuzungumza, nani anarukwa. Huko chuoni hakuwa na aibu. Angeweza kumhoji hata jiwe likajibu. Ila akishavuka kizingiti cha kwao, ulimi ulikuwa mzito.

Na ukweli usemwe, utafiti huo haukuanzia maktaba. Ulianzia darasa la tano, mwaka aliofundishwa na baba yake mzazi. Baba alimwekea sharti tangu siku ya kwanza: shuleni hakuna baba wala binti, kuna Mwalimu na mwanafunzi. Kipaza akajifunza kumwita Mwalimu, na mwaka ulipokwisha hakupata tena njia ya kurudi. Lakini si hilo lililomuuma. Kilichomuuma ni kwamba mwaka mzima alinyoosha mkono na baba yake hakumwita hata mara moja. Alinyoosha akiwa na jibu mdomoni. Alinyoosha mpaka akainuka kitini, mpaka bega likawaka moto. Jicho la baba lilimfikia, likampita, likatua kwa mtoto wa jirani.

Mama alikuwa na maelezo yake: "Baba yako aliogopa maneno ya watu. Wangesema anakupendelea." Huenda. Kipaza aliyasikia maelezo hayo tangu utotoni na hayakuwahi kumshibisha, kwa sababu hayakutoka katika mdomo aliotaka yatoke. Utafiti wote ule, pamoja na marejeleo yake na majedwali yake, ulikuwa njia ndefu ya kumuuliza mtu mmoja swali moja: kwa nini hukuniita?

"Mama," alisema siku alipopata kibali cha utafiti, "mwambie Mwalimu nitakuja kurekodi vipindi vyake. Mwambie asibadilishe chochote. Afundishe kama siku zote."

"Nitamwambia."

"Umwambie hivyo hivyo nilivyosema."

"Kwani mimi huwa nasemaje?" mama akauliza, akakata simu.

*

"Hee! Leo mtu anakaguliwa na mtoto wake wa kumzaa!" Mwalimu mkuu aliyasema hayo katikati ya ofisi ya walimu, kwa sauti ya kutafuta wachekaji, na akawapata. "Mwalimu, leo jibane. Damu yako haitakuonea huruma."

Walimu vijana wakaangua kicheko. Baba akatabasamu nusu, akaishika tai yake kuhakikisha iko mahali pake. Kipaza alikuwa hajawahi kumwona amevaa tai siku ya kazi. Shati pia lilikuwa limepigwa pasi mikono yote miwili, na hapo akajua kwamba baba ameamka mapema kulipiga mwenyewe, maana mama hayupo. Akatamani kumwambia amependeza. Akamwomba tu chaki ya kuwekea alama pale atakaposimamisha kamera.

Darasani walimpa kiti cha mwanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Akaketi pembeni nyuma kabisa, akaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu. Watoto wakasimama, wakasalimia, wakaketi. Kisha baba yake akaanza kufundisha, na Kipaza alikaribia kusahau kubonyeza kitufe.

Huyu hakuwa yule mtu wa vikombe vya chai. Huyu alikuwa na maneno. Alichora mkate ubaoni, akaukata vipande vinne, akageuka na uso wa mtu mwenye siri.

"Huu ni mkate wangu. Mama wa nyumbani kwangu amesafiri, kwa hiyo hakuna wa kunizuia. Asubuhi nimekula vipande viwili. Nimekula sehemu gani ya mkate?"

"Mchoyo huyo!" mtoto mmoja akanong'ona, darasa likacheka, na Mwalimu akacheka nao. Mikono ikapanda. Yote. Hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyebaki ameficha mkono chini ya dawati.

"Haya, wewe mwenye meno mapya."

"Nusu!"

"Nusu. Nani atatueleza kwa nini si robo? Wewe mrefu, sema kabla hujatoboa dari."

Kila aliyeitwa alijibu, na kila aliyejibu alipata. Baba aliwatembelea kati ya madawati, akimgusa huyu begani, akimwinamia yule amsikie vizuri. Sauti yake ilikuwa laini, yenye mzaha kwa mbali, na Kipaza akaisikiliza kwa njaa. Alikuwa mwanamke mzima, amebakiza kidogo kupata shahada, na bado alimwonea wivu mtoto mwenye meno mapya. Alikuwa tayari kubadilishana naye kiti.

Karibu na dirisha alikaa msichana mwembamba mwenye kola iliyochanika. Kila swali aliinua mkono, ameunyoosha wima, anatabasamu. Hakuitwa. Kengele ilipogonga alikuwa hajaitwa. Kipaza alivuta picha ya kamera mpaka uso wake ukajaa kwenye kioo. Kumbe bado, akawaza. Kumbe bado kuna anayerukwa.

Jioni ile mezani alitaka kusema jambo. Alitaka kusema: unafundisha vizuri, sikujua kama unachekesha. Akamaliza wali wake, akaosha sahani, akaingia chumbani akampigia mama.

"Mwambie Mwalimu kipindi kilikuwa kizuri."

Punde simu ikaita ng'ambo ya ukuta. "Amesema hivyo?" sauti ya baba iliuliza. "Kizuri kweli, au unanifurahisha tu? Haya. Haya, mke wangu." Kisha Kipaza akasikia kitu alichokuwa hajakisikia tangu mama aondoke: baba yake anapiga mluzi huku akifunga madirisha.

*

Chuoni siku ya kuwasilisha ilikuwa siku ya kuvuana nguo. Mwanafunzi husimama mbele ya wenzake na msimamizi wake, huonyesha alichokusanya, na wote wana ruhusa ya kukitoboa. Kipaza hakuogopa. Alikuwa na darasa lenye mikono juu.

Msimamizi wake, mwanamke mfupi waliyemwita Dokta, asiyependa maneno mengi, alitazama picha zile ukutani akasahau hata kuandika.

"Darasa zima linanyoosha mikono," alisema. "Nimekaa madarasani miaka mingi, sijaona. Mwalimu huyu anafanyaje?"

"Anawapenda," Kipaza akasema, na masikio yakamwaka moto kwa sababu hilo halikuwemo katika majedwali. Lakini alikuwa anajisikia fahari. Kwa mara ya kwanza alisimama mahali ambapo baba yake anasifiwa na yeye yupo anasikia.

Hapo ndipo kicheko kilipotoka nyuma. Aliyecheka alikuwa Mzee wa Kozi. Walimwita hivyo kwa sababu ya mvi zake. Alikuwa ameshafundisha shule za msingi miaka kadhaa kabla ya kupata ruhusa ya kuja kusoma.

"Samahani, Dokta. Si dharau. Naomba arudishe nyuma kidogo. Hapo, hapo, simamisha. Sasa tazameni mikono."

Watu wakatazama.

"Huyu kanyoosha upi? Wa kulia. Na huyu? Wa kushoto. Huyu hapa wa kushoto. Sasa endelea mbele. Nani kaitwa?"

"Wa kulia," mtu akasema.

"Endelea. Na sasa?"

"Wa kulia tena!"

"Basi ndiyo hivyo." Mzee wa Kozi akajipangusa machozi ya kicheko. "Wakaguzi wakitangaza kuja, ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Unawaambia watoto: wote nyoosheni, asinibakie mtu. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mgeni anafurahi, na wewe unajua wa kumwita. Nimeifanya mimi mwenyewe, Mungu anisamehe."

Ukumbi ukalipuka. Kipaza alisimama pale na kidude cha kubadilishia picha mkononi, akamtazama yule msichana wa dirishani aliyeganda ukutani mkubwa kama nyumba. Mkono wa kushoto. Hakuwa anatabasamu kwa matumaini. Alikuwa anatabasamu kwa sababu anaijua siri na Kipaza haijui.

Dokta peke yake hakucheka. "Mwalimu huyu, mnafahamiana?"

"Ndiyo, Dokta."

"Kwa vipi?"

"Ni baba yangu."

Kicheko kikakatika, na kukatika kwake kulikuwa kubaya kuliko chenyewe. Mzee wa Kozi aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mwanangu," alisema, lakini neno lilikuwa limeshamwagika.

"Alijua kwamba huu si ukaguzi?" Dokta akaendelea.

"Nilimwambia asibadilishe kitu."

"Ulimwambia wewe?"

"Nilimwagiza mama."

"Mama anafundisha shule hiyo?"

"Hapana. Amesafiri. Nilimpigia simu, naye akampigia baba."

"Na wewe na baba mnaishi wapi?"

"Nyumba moja."

Wa mstari wa mbele akajiziba mdomo kwa daftari. "Utafiti wa mawasiliano," Dokta akasema taratibu. Hakukusudia mzaha, ila ukumbi mzima uliusikia.

Baadaye, ofisini, alimkaribisha kiti kwanza. "Sitavipokea vipindi vile kama ulivyovieleza. Una njia mbili. Tafuta shule nyingine, uanze upya, na mahafali ya mwaka huu uyasahau. Au mwalimu mwenyewe aongee. Akuambie alifanya nini na kwa nini, kwa sauti yake, akubali iandikwe. Utafiti huo utakuwa na maana kuliko ulioniletea. Lakini nataka maneno yake. Sitaki yako kwa niaba yake. Wala ya mama."

"Nakala moja hurudi shuleni," Kipaza akasema. "Hata nikificha jina lake, mwalimu mkuu atajua ni nani."

"Atajua. Ndiyo maana ni lazima aombwe, tena aombwe vizuri." Dokta akamtazama. "Nikutafutie mtu mwingine wa kumhoji?"

Lilikuwa jambo jepesi kulikubali. Kipaza akatazama mikono yake.

"Hapana. Nitamhoji mimi."

*

Ujasiri wa ofisini ulidumu mpaka mlangoni kwao. Alipoingia, baba alikuwa mezani sebuleni anasahihisha madaftari. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Moja kwa moja chumbani, mlango nyuma yake, simu sikioni. Utafikiri hakufunzwa kitu siku hiyo.

Akammwagia mama yote, kuanzia kicheko hadi kuachwa na mahafali. Mama alisikiliza bila kumkatiza, na hilo peke yake lilikuwa dalili mbaya.

"Mama, ulimwambia asibadilishe kitu?"

"Nilimwambia."

"Vile vile nilivyosema?"

"Vile vile. Ila nikaongeza kidogo."

"Kidogo nini?"

"Nikamwambia, masomo ya mtoto yamo mikononi mwako, usije ukamwangusha. Sasa ulitaka nisemeje? Maneno yako ni makavu. Na yake ni makavu. Miaka yote mimi ndiye ninayewapakia siagi. Mnakula, wala hamuulizi imetoka wapi."

Kipaza akakaa kitandani. Hakuwa na wa kumkasirikia. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa amefanya wema, na wema wote ule ulikuwa umemfikisha mbele ya ukumbi unaomcheka.

"Basi mwambie nahitaji kumhoji. Mwambie hivi—"

"Simwambii."

"Mama!"

"Simwambii mimi. Nina mgonjwa wa kumgeuza kitandani. Mama yangu analia kama mtoto, sina hata wa kunishika mkono nipumzike, halafu nipigiwe simu na watu wazima wawili waliotenganishwa na ukuta? Mimi nimechoka, mwanangu. Ninawakumbuka nyote wawili mpaka kifua kinauma, lakini nimechoka. Nenda ukampigie hodi."

Simu ikakatika. Punde ile ya sebuleni ikaita, na sauti ya baba ikapenya ukutani: "Ndiyo. Ndiyo, lakini... Sasa si umwambie... Halo? Halo?"

Kipaza alijua kwamba baba yake ameishusha simu na sasa anautazama ukuta ule ule anaoutazama yeye. Akachukua kinasa sauti na karatasi ya maswali, akatoka.

*

Sebule haikuwa na mlango, kwa hiyo alibisha kwenye ubao wa fremu.

"Hodi."

Baba aliinua kichwa, akashangaa kupigiwa hodi nyumbani kwake. "Karibu."

"Nina mahojiano, Mwalimu. Kama una nafasi."

Akasogeza madaftari, akampisha sehemu ya meza. Kipaza akaketi mbele yake na kuanza kumsomea haki zake kwa sauti ya karani wa dirishani: kwamba anaweza kukataa, anaweza kuruka swali, anaweza kusimamisha wakati wowote. Baba alisikiliza amekunja mikono. Kila haki aliitikia kwa kichwa.

"Nakala itarudi shuleni," Kipaza akamalizia. "Mwalimu mkuu ataisoma."

"Huyo? Atasoma jalada."

Wakakaribia kucheka, wote wawili, na kila mmoja akamwona mwenzake akikaribia. Kisha baba akaweka kalamu chini.

"Mama yako ameniambia nikuulize mwenyewe. Nimekuharibia?"

"Kidogo."

"Sema kweli."

"Sana," Kipaza akasema. "Walinicheka. Sitahitimu mwaka huu kama hakuna la kuandika."

Baba alijipangusa uso kwa kiganja chote, kuanzia paji mpaka kidevu. "Nilidhani wewe ndiye unayekaguliwa. Nikasema, wakiona mikono michache watasema mtoto huyu kachagua darasa bovu. Nikawaambia wanafunzi: dada yenu anakuja, asitoke hapa na aibu. Walifurahi, unajua. Tulifanya mazoezi." Akakiangalia kile kinasa sauti. "Kiwashe. Niyaseme tena, yaandikwe."

"Una haki ya—"

"Nimezisikia haki zangu. Kiwashe."

Akakiwasha. Baba akakaa wima kama anayepigwa picha ya pasipoti, akasema kwamba yeye, mwalimu wa darasa la tano, ndiye aliyewafundisha watoto kunyoosha mikono kwa siri, kulia na kushoto. Kwamba hakuna aliyemwamuru. Kwamba amewahi kufanya hivyo mbele ya wakaguzi na safari hii amefanya mbele ya mtoto wake, kwa kutojua tofauti. Hakujipamba. Kipaza aliuliza maswali yake moja baada ya jingine, naye akajibu yote, na kadiri walivyoendelea sauti ya ukarani ilimtoka Kipaza ikabaki yake. Hawakuwahi kuzungumza kwa muda mrefu namna ile, na alijikuta anaogopa kufika chini ya karatasi.

Akafika. Swali la mwisho kwenye karatasi ndilo alilokuwa ameliandika kabla ya mengine yote. Alilisoma bila kuinua macho.

"Je, kuna mwanafunzi anayenyoosha mkono ambaye huwa humwiti? Eleza sababu."

"Sasa hivi wapo wa mkono wa kushoto. Sababu nimeshasema."

"Na zamani?"

Hilo halikuwa kwenye karatasi. Baba alilielewa papo hapo; Kipaza aliona jinsi mabega yake yalivyoshuka.

"Zamani alikuwepo mmoja," akasema. "Huyo hakuchoka kunyoosha."

"Mama anasema uliogopa maneno ya watu."

"Mama yako ni mwema." Akalivuta daftari moja, akalirudisha lilipokuwa. "Si watu. Unaikumbuka fimbo yangu?"

"Naikumbuka."

"Basi sheria yangu unaijua. Anayenyoosha mkono akakosea, anachapwa, ili wasinyooshe ovyo. Niliwachapa watoto wa watu kila siku. Sasa nikikuita wewe, ukakosea, nifanyeje? Nikikuchapa, jioni nitakaaje na wewe mezani? Nisipokuchapa, nitawatazamaje wale wengine? Nikaona dawa ni kutokukuita."

Kipaza alihisi kitu kikipanda kifuani, na hakikuwa kilio, kilikuwa hasira, safi kabisa, aliyokuwa ameitunza tangu utotoni bila kuijua. "Kwa hiyo ulidhani nitakosea."

"Kila siku niliogopa hivyo."

"Nilikuwa nayajua, baba! Majibu yote nilikuwa nayajua!"

"Ningejuaje?" alisema kwa sauti ya chini. "Sikukuita."

"Ungeacha fimbo. Si ulikuwa na njia hiyo? Ungeacha tu fimbo."

"Niliiacha."

"Lini?"

"Ulipopanda darasa la sita," akasema. "Nilikuta kiti chako kina mtoto mwingine. Nikashindwa kuiokota."

Taa nyekundu ya kinasa sauti iliendelea kuwaka kati yao. Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Kipaza alitaka kusimama aondoke, na alitaka pia asiondoke kamwe. Alimtazama baba yake, kola imelegea, vumbi la chaki kwenye kucha, akaona kwamba mtu huyu amembeba yeye kichwani miaka yote ile kama yeye alivyombeba, na hakuna aliyemwambia mwenzake amtue.

Baba akainama mbele, viwiko juu ya meza, kama alivyowainamia wale watoto awasikie.

"Ulikuwa unataka kusema nini?" akauliza. "Siku zote zile."

Kipaza alifungua mdomo kwa pupa, kwa maana hili ndilo alilolingoja. Akatafuta jibu. Sehemu, miji mikuu, mito, wingi na umoja. Akatafuta tena. Hakukuwa na kitu. Majibu yote aliyoyashika kwa uchungu ule yalikuwa yameshakwenda zake, hata moja halikubaki.

Baba hakuhamisha macho. Alingoja. Kule darasani Kipaza hakumwona akimngoja mtu hivyo.

"Sikumbuki," akasema mwishowe, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. "Sikumbuki hata moja. Nilitaka tu uniite."

"Na sasa," baba akasema. "Nikikuita sasa, nimechelewa?"

Mama angejua namna ya kulijibu swali hilo likaenda chini vizuri. Kipaza akajipangusa uso kwa mkono wa blauzi.

"Umechelewa, baba," akasema. "Lakini niite."